Kitu Kitamu Mfukoni: Ule Nini Ukizunguka Goma kwa Baiskeli

Goma inamchosha mwendesha baiskeli kuliko ramani inavyoonyesha. Ukiitazama kwenye karatasi unaona mji uliolala ukingoni mwa ziwa, na mlima mkubwa uko mbali kaskazini. Lakini toka kwenye lami, ingia mtaani, na utajua unapita juu ya nini. Lava ya mlima huo, Nyiragongo, iliyoshuka Januari 2002 ilipasua mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kwenda kuzimika ziwani. Watu walijenga juu yake na kufungua njia juu yake, na hayo mawe meusi ndiyo yanayoruka chini ya tairi lako leo. Kila jiwe linalipwa na miguu, mikono na mabega. Tena Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Munigi unazidi kupanda. Mchana jua linawaka kichwani, wakati wa kiangazi vumbi jeusi linaingia hadi kwenye meno, na motari, wale madereva wa pikipiki za abiria, wanakupita kulia na kushoto. Mzunguko wa saa moja na nusu wa namna hiyo unamaliza kabisa chai na mkate wa asubuhi.

Ninachotaka kusema ni hiki: vitamutamu vyetu wenyewe, vya ndizi, karanga, maharage, miwa na asali, vinamfaa mtu anayezunguka Goma kwa baiskeli, au kinga kama wengi wetu tunavyoiita, kuliko biskuti za paketi na vinywaji vya kopo vinavyotangazwa kuwa vya nguvu. Sharti lake ni kujua kipi kiliwe saa ngapi, na ukae wapi ukikila.

Mfano mzuri zaidi wa jambo hili uko Japani. Huko kuna aina nyingi za vitamutamu vya jadi viitwavyo wagashi, na mojawapo ni yokan: mche mzito, laini na mweusi, uliotengenezwa kwa maharage madogo mekundu yaliyopondwa, sukari, na agari itokayo kwenye mwani wa bahari. Asili yake ni China, ambako ilikuwa mchuzi wa kondoo. Watawa wa Kibuddha, ambao hawakula nyama, wakaigeuza kuwa ya maharage. Kwa karne nyingi yokan ilikatwa vipande na kuliwa pamoja na chai, na zamani ilifungwa kwa ganda la mwanzi. Leo kampuni ya Imuraya inatengeneza yokan ya wanamichezo, kipande kinachoingia kiganjani, na waendesha baiskeli wa Japani wanakitia mfukoni na kukikamua mdomoni kwa mkono mmoja bila kushuka. Kampuni hiyohiyo hutengeneza pia yokan ya akiba ya maafa, inayokaa miaka 5 bila kuharibika.

Kwa nini kitamu cha wazee kimekuwa chakula cha michezo? Sababu zake ndizo zitakazotusaidia sokoni. Yokan haina mafuta, kwa hiyo haikawii tumboni. Imejaa sukari na wanga, ambavyo misuli inaviomba. Haiyeyuki juani wala haivunjikivunjiki mfukoni. Na kwa kuwa sukari yake nyingi imeyashika maji yaliyomo, vijidudu havipati nafasi ya kuishi. Chukua vipimo hivyo vinne, yaani mafuta, sukari, kubebeka na kutoharibika, kisha zunguka navyo katika soko la Virunga. Utashangaa ni vitu vingapi vya mama zetu vinavyofaulu.

Kula kabla ya njaa

Mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na ini. Kwa mtu anayekanyaga pedali kwa bidii akiba hiyo hutosha kwa saa moja na nusu, pengine mbili. Ikiisha hakuna onyo refu: magoti yanalegea, jasho linakuwa la baridi, hasira inapanda bila sababu, na baiskeli inaanza kuyumba kwenye barabara ambayo ina malori. Aliyefika hapo hawezi kujirudisha kwa dakika tano, kwa sababu chakula kinahitaji muda kufika damuni.

Kwa hiyo usisubiri tumbo likuambie. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa kwa safari inayozidi saa moja. Ndizi moja mbivu ya kadiri ina gramu 25 hivi. Kwa mzunguko wa kawaida wa mjini, basi, ndizi moja au mbili kwa saa, au kitu kinacholingana nazo, kinatosha. Anza kula dakika 40 baada ya kuondoka, hata kama hujisikii, kisha endelea kidogokidogo kila nusu saa. Wanaoshindana kwa riziki hula zaidi sana. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, saa chache tu kutoka hapa kwetu. Waendeshaji wa kiwango kile hubeba hata vipande vya wali mtamu vilivyotengenezwa na wapishi wa timu. Wao pia, pamoja na fedha zao zote, wamerudi kwenye chakula cha jikoni.

Ndizi kwanza, mandazi baadaye

Nikilazimishwa kuchagua kimoja, nachagua ndizi, zile ndogo tamu kuliko zile kubwa. Ndogo ina ganda linaloshika vizuri, inaliwa kwa mara mbili au tatu, na haichubuki haraka kwenye mitikisiko. Tafuta zenye madoa madogo meusi juu ya njano. Hapo wanga wake umeshageuka sukari. Ile yenye kijani kwenye ncha ni nzuri kwa macho, lakini itakaa tumboni kama mzigo wakati unapanda. Mahali pa kununua ni soko la Kituku, pale ufukweni Kyeshero, ambako mitumbwi na boti huleta mazao kutoka Idjwi, Minova na Kalehe. Fika asubuhi mapema, wakati wapakuzi bado wako majini hadi magotini, na utapata kichane ambacho hakijapitia mikono mingi.

Usitie ndizi kwenye mfuko wa suruali, wala usizining'inize kwenye usukani. Acha kichane kikiwa kizima, kivingirishe ndani ya kitenge au sweta, kilaze juu ya karia na ukifunge kwa mpira wa ndani wa tairi kuukuu. Ule mpira unavuta bila kubana. Kukata ndizi mojamoja mapema ni kosa la wengi: shingo ikipasuka, vumbi linaingia na ndizi inageuka uji kabla ya nusu ya safari. Maganda mpe mbuzi, usiyaache barabarani. Anayekuja nyuma yako na chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magunia ya makala hana breki nyingi za kumsaidia.

Miwa ni ya aina yake. Ni chakula na maji kwa pamoja, na mwili uliotoka jasho unaipokea kwa furaha. Haifai ukiwa juu ya baiskeli, maana utahitaji mikono miwili, meno na mahali pa kutemea makapi. Ndiyo maana naipenda: inakulazimisha kushuka na kupumzika robo saa. Kataa vile vipande vilivyokwisha menywa na kuloweshwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hujui maji yale yametoka wapi. Nunua muwa mzima, mwombe muuzaji akukatie pingili mbele yako kwa urefu wa mkono, ufunge kando ya fremu ya baiskeli, na umenye mwenyewe utakapofika. Sukutua mdomo ukimaliza.

Karanga ndizo zinazokosewa saa yake. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, kwa hiyo zinachelewa tumboni. Ukizila katikati ya mwendo mkali hazitakufaa, utasikia uzito tu. Ziweke kwa mapumziko marefu, au ukiwa umeshafika nyumbani na misuli inaomba kujengwa upya. Zile zilizokaangwa na sukari ziko katikati, na kiganja kimoja kinatosha. Jambo moja tu usilipuuze: karanga iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye uchungu, itupe. Ukungu wa karanga hutoa sumu inayoharibu ini, na kukaanga hakuiondoi yote.

Sasa mandazi. Ninajua kuna wanaosema mandazi si chakula cha michezo kwa sababu ya mafuta, na kwa kipimo cha yokan hawakosei. Lakini hakuna mzunguko wa Goma uliokamilika bila kusimama mbele ya sufuria ya mama anayekaanga kando ya njia. Siri ni kuyala kwenye kituo kikuu cha safari, pale utakapokaa nusu saa, wala si kabla ya kupanda. Tazama mafuta kwanza: yakiwa ya rangi ya chai nyepesi, simama, yakiwa meusi na yanatoa moshi unaochoma koo, endelea na safari. Kisha tazama andazi lenyewe likiingia. Unga ulioumuka vizuri unazama, unaibuka, unavimba upande mmoja, halafu mama analigeuza kwa kijiti, na mstari mweupe unabaki kiunoni pake. Huo mstari ni dalili njema, unaonyesha ndani ni jepesi na halikunywa mafuta. Lipasue likiwa bado moto. Likiacha doa dogo tu kwenye karatasi, umepata mpishi. Mkumbuke, rudi kwake.

Hapo Wajapani wana utaratibu mwingine ninaoupenda. Katika chai yao ya heshima, kitamu huliwa kwanza, halafu ndiyo chai chungu isiyo na sukari hata chembe. Utamu uliobaki mdomoni unaukaribisha uchungu. Jaribu hivyo na kahawa ya Kivu: andazi au ndizi kwanza, kisha kikombe cha kahawa bila sukari. Sisi tumezoea kujaza sukari kikombeni mpaka kijiko kinasimama, kwa hiyo hatusikii ladha ya kahawa ambayo dunia inainunua kutoka kwenye vilima vyetu.

Vingine nivipite haraka. Mutobe, maji ya ndizi yasiyochacha, ni kinywaji kizuri sana cha njiani ukikipata kwa mtu unayemwamini. Hakikisha ni mutobe kweli na si kasiksi, maana ile ni pombe, na pombe na motari wa mtaa wa Birere haviendi pamoja. Asali: vijiko viwili vikubwa ndani ya chupa ya maji ya robo tatu lita, kamulia marakuja au limau, tia chumvi kidogo sana, tikisa. Hicho ni kinywaji cha nguvu kisichohitaji kopo wala tangazo. Chokoleti inayotengenezwa Mutwanga kwa kakao ya Beni na umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga ni fahari ya mkoa huu, na kwa baridi yetu haiyeyuki ovyo ukiiweka kivulini. Ina mafuta lakini, kwa hiyo ile mwisho wa safari. Na ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, mwagize kashata na halua. Halua ya Waswahili, nzito, yenye iliki, inayouzwa hata kwenye vikapu vidogo vya ukindu, ndiyo ndugu wa karibu wa yokan kwa namna inavyokaa kinywani na kuvumilia safari. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kinakutosha, kwani kina samli.

Maharage matamu ya kujitengenezea

Kivu Kaskazini ni nchi ya maharage. Tunayala na bugali, na wali, na viazi, daima kwa chumvi. Kuyatia sukari kunawastaajabisha wengi hapa, ingawa watu wa pwani wanayapika kwa nazi na sukari na hakuna anayeshangaa. Kwa mwendesha baiskeli ni kitamu cha bei nafuu kuliko vyote, na agari isipopatikana unaweza kukifanya bila hiyo.

Chukua kikombe kimoja cha maharage mekundu makavu, chagua mawe, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, tia mapya, chemsha kwa moto mkali angalau dakika 10 za kwanza, kisha punguza. Usiruke hatua hiyo ya moto mkali: maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayotapisha. Kuloweka kunakuokolea pia makala, ambayo sote tunajua bei yake. Pika mpaka harage libonyee kati ya vidole viwili bila kupinga. Chuja, ponda, na kama una subira pitisha kwenye chungio ili maganda yabaki juu. Tumbo litakushukuru, na kumwaga yale maji ya kwanza nako kunapunguza gesi.

Rudisha kile kilichopondwa kwenye sufuria pana, tia robo tatu ya kikombe cha sukari na chumvi ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Koroga kwa mwiko juu ya moto mdogo, usiondoke. Mwanzoni sukari italegeza kila kitu, utadhani umeharibu. Endelea. Baada ya muda mchanganyiko unaanza kung'aa na kuwa mzito, na ukipitisha mwiko katikati, kitako cha sufuria kinaonekana kama njia kwa muda mfupi kabla ya kuzibwa. Hapo epua. Ukipoa utakaza zaidi. Finyanga vipande vya urefu wa kidole gumba na unene wake mara mbili, utapata kama 12, na uvigaragaze katika unga wa soya uliokaangwa ili visishikane. Unga huo unauzwa kila soko la Goma kwa ajili ya uji wa watoto, na Wajapani nao wana desturi hiyohiyo ya kupaka unga wa soya uliokaangwa kwenye vitamu vyao.

Fungia viwili viwili ndani ya jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto ili lilegee. Jani halipasuki, halinuki, na ukilitupa linaoza. Vipande viwili kwa saa vinatosha. Kwa kuwa havina agari wala sukari nyingi kama ya kiwandani, uvile siku hiyohiyo. Na mara ya kwanza vijaribu nyumbani au katika mzunguko mfupi, si siku unayokwenda mbali. Kila tumbo lina tabia yake.

Mahali pa kukaa

Watu wengi hudhani hatari ya kula njiani ni uchafu peke yake. Magharibi mwa mji, kuanzia Lac Vert na Mugunga hadi upande wa Sake, kuna hatari nyingine ambayo wenyeji wanaiita mazuku. Ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini kwa sababu ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatulia mabondeni, kwenye mashimo na mapango ya lava. Haionekani. Ikiwa nyingi inaua mbuzi, mbwa na watu, na huzidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Sasa fikiria mwendesha baiskeli aliyechoka, ameona kishimo chenye kivuli na nyasi nzuri, anajilaza na ndizi zake. Usifanye hivyo kamwe. Kaa juu, mahali penye upepo, penye watu. Ukiona nyasi zilizonyauka bila sababu, wadudu au ndege waliokufa bondeni, au kibao cha onyo, ondoka. Lac Vert ni mahali pa kupendeza pa kufika kwa baiskeli, lakini nenda jua likiwa limeshapanda, utembee na mtu wa pale, ule ukiwa juu ukiliangalia ziwa, usiteremke kwenye mabonde yaliyo kando.

Kuna onyo jingine ninalolitoa kwa uchungu. Vita vya Januari 2025 vilipita katika mitaa na vilima hivi, na risasi na mabomu yasiyolipuka yaliachwa nyuma. Baki kwenye njia zinazokanyagwa kila siku. Usiingie shambani wala kichakani kutafuta kivuli, usiguse chuma usichokijua. Uliza hali ya barabara asubuhi ileile unayotoka, kwa motari na kwa mama wa sokoni, ambao hujua mambo kabla ya redio. Usipige picha askari, mpaka wala uwanja wa ndege. Uwe umerudi mchana.

Kwa anayeanza, ninashauri mzunguko wa asubuhi wa Jumapili, magari yakiwa machache: anzia kwenye sanamu ya chukudu, pita mtaa wa Himbi, shuka Kituku kununua ndizi, kaa ufukweni ule moja, kisha urudi taratibu ukitafuta mandazi. Safari hiyo ni fupi, inakufundisha mwili wako unataka nini, na kila mahali kuna watu.

Kuhusu maji na mikono sina mengi, ila ni lazima. Kipindupindu kinaijua Goma, na wengi wetu bado tunateka maji ziwani. Beba maji yako uliyochemsha au kutia dawa, na kila unapokula kitamu kunywa mafunda kadhaa, kwa sababu sukari bila maji huongeza kiu. Beba kipande cha sabuni kwenye kifuko. Kama huna pa kunawa, ndizi ina ganda: imenye kutoka juu, ishike kwa ganda, usiguse nyama yake. Nanasi la Idjwi ni tamu ajabu, lakini linunue zima, usinunue lililokatwa na kuachwa wazi kwa nzi na vumbi.

Halafu kuna adabu. Ingawa yokan ile ya wanamichezo hukamuliwa mtu akiwa kwenye mwendo, Wajapani kwa desturi hawapendi mtu mzima kula huku anatembea barabarani, na wazee wetu pia hawakutulea hivyo. Shuka. Simamisha baiskeli, salimu kabla ya kuuliza bei: "Jambo, mama. Mandazi ni ya leo?" Usiombe kupunguziwa bei ya andazi moja kana kwamba unanunua gari. Faida ya mama huyo ni ndogo sana, na ndani yake kuna ada ya shule ya mtu. Akikupa nyongeza, ipokee kwa mikono miwili. Watoto wakikusanyika, na watakusanyika, usiwarushie pipi kutoka kwenye baiskeli. Hilo linawadhalilisha, tena linawaingiza barabarani. Nunua kichane kizima, mpe mtu mzima aliye nao awagawie. Mji huu una familia nyingi ambazo vita na volkano viliziacha bila kitu, na kula peke yako mbele yao hakupendezi hata kama umelipa.

Jumapili ijayo, kabla ya kutoka, acha ile paketi ya biskuti dukani. Tumia fedha hiyohiyo kwa mama wa ndizi pale Kituku na kwa mama wa mandazi wa mtaani kwako, na uende na mtu mmoja ambaye hajawahi kuzunguka mji wake kwa baiskeli.